Pikapu Inaondoka na Karimi

Mwanangu Karimi,

Habari zangu unazijua. Chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na vikombe tumeosha pamoja, kwa hiyo salamu tuziruke. Umeenda Laare kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako na mdomo wake, hutarudi kabla jua halijapoa. Basi nimepata nafasi. Nimekaa ndani ya pikapu, upande wa dereva, mlango uko wazi, karatasi nimeilaza juu ya usukani. Kuku wamekusanyika wananitazama, wanadhani kuna safari.

Safari ni yako, na pikapu inaenda nawe. Nimeandika hivyo hapo juu kabisa ili yeyote atakayeokota barua hii, hata kama si wewe, aelewe kabla hajafika mstari wa pili.

Sitakuambia habari ya kula vizuri, wala ya sweta, wala ya vijana wa mjini. Una akili zako. Habari ya oili na maji na upepo wa tairi kila asubuhi pia naiacha, maana umeifanya tangu ukiwa shule na hata ukiwa na homa ulikuwa unatoka kuangalia kijiti cha oili. Nataka kukuambia yale yaliyonipata mimi na gari hili. Ni shule niliyoingia nikiwa mtu mzima, na kila somo lilinichapa.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la tano. Tulimzika, na kabla hata mahema hayajarudishwa, boma likaitisha mkutano. Jambo lilikuwa moja tu, gari. Baba yako mkubwa Kaberia alisimama akasema gari linataka mwanaume. Hakusema linataka dereva, kwa sababu hata yeye wakati ule hakuwa na leseni. Mimi nilitoka kimya kimya, nikaingia ndani ya pikapu, nikafunga milango, nikapandisha vioo. Mkutano ukalazimika kuhamia nje. Wazee wazima wakazunguka gari wakiongea na kioo, mimi naona midomo tu inacheza. Joto lilinibana mpaka leso ikaloa, lakini sikushuka. Walipochoka wakaenda kula, nami nikashuka na ufunguo nimeuficha kifuani.

Shida ilikuwa moja. Nilikuwa na gari na sijui hata kuliwasha.

Aliyenifundisha unamjua, Mama Zainabu wa Maua, yule anayeuza mchele na unga kwa jumla. Marehemu mumewe alikuwa msafirishaji, na yeye alikuwa anaendesha lori lao mwenyewe, buibui na yote. Nilimfuata dukani nikamwambia shida yangu mbele ya wateja. Hakuuliza maswali. Tulienda uwanjani, akakaa kando yangu, nikaukamata usukani.

“Mama Karimi, mbona umeushika kama unakamua ng’ombe?”

“Naogopa, Mama Zainabu.”

“Ogopa tu, hakuna anayekukataza. Lakini klachi uikanyage.”

Nilizima injini mara nyingi kuliko nilivyoiwasha. Watoto wa uwanjani waliacha mpira wao wakaja kunishangilia kila gari likiruka kama chura. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikaenda tena, nikarudi na hasira, nikaenda tena. Siku niliyopata leseni nilipita mbele ya boma la Kaberia polepole sana, gia ya kwanza, kioo nimeshusha, nikamsalimia kwa heshima zote.

Sasa nikufikishe kwenye mkono wako.

Kwa mila zetu mwanamke hapandi mti wa miraa. Lakini hakuna aliyewahi kusema asiibebe kwa gari, kwa hiyo mimi niliibeba, na wewe ulisoma kwa hiyo. Unajua tunavyoishi hapa. Ukipita na gari, mtu hakuachi upite bure. Kila mlango una kibunda cha kupeleka kwa shemeji, kwa rafiki, kwa fundi aliyejenga choo. Kinapenyezwa dirishani kikiwa kimefungwa kwa majani mabichi ya mgomba, na kila dereva wa Laare anakiweka mahali pamoja, chini, karibu na miguu yake, kwa sababu pale kuna ubaridi na jua halinyaushi majani. Sijaona mtu akifundishwa hivyo. Tunazaliwa tukiona.

Ulikuwa kidato cha pili, nakurudisha shule. Jirani yetu mzee alitusimamisha, akanipa kibunda. “Hii upatie kijana yangu hapo stage Maua, usisahau, ameshinda akiniitisha.” Moyoni nilitaka kukataa. Tulikuwa tumechelewa, na sanduku lako lilikuwa limejaza kiti. Lakini nikaona haya, mzee mwenyewe ameshika kofia mkononi. Nikakipokea, nikakilaza miguuni kama kila mtu.

Kwenye kona ya kuteremka kibunda kikabiringika. Nikakanyaga breki, ikashuka kidogo ikagoma. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Miraa iliyofungwa vizuri haibonyei, Karimi, ni kama umeweka jiwe chini ya kanyagio. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo kwa sababu upande wa pili palikuwa na bonde. Tulisimama tumeinama mtaroni. Nikageuka kukuangalia, na mkono wako wa kushoto ulikuwa umekaa vile mkono haukai.

Watu walifika kabla vumbi halijatulia. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, “Si ni mwanamke alikuwa anaendesha, ulitarajia nini?” Makanika alipolivuta gari na kulipima, alikuta breki nzima kabisa. Nilikuwa nimebadilisha mafuta ya breki na pedi muda si mrefu. Gari halikuwa na kosa. Kaberia naye akachukua ufunguo, akasema anauweka salama. Wewe ulikuwa hospitali kwa hiyo hukuona nilivyourudisha. Nilienda kwake, nikakaa sebuleni. Nikanywa uji wake, nikala githeri yake, nikaangalia taarifa ya habari kwa televisheni yake nikitoa maoni. Mwishowe mkewe aliuchukua ufunguo kabatini akanipa, akaniomba niende wapate kulala.

Nacheka nikikumbuka hilo la ufunguo. La mkono wako sicheki. Waliosema ni kwa sababu ya mwanamke walikosea, na nitawaambia hivyo mpaka nife. Lakini mkono haukuvunjwa na wao. Niliuvunja mimi kwa kuona haya kukataa kibunda kimoja. Uliposhindwa kushika jembe likizo ile nzima, nilikuwa nalima mistari yako na yangu, na nikifika mwisho wa shamba nakaa chini nalia. Hukujua. Sasa unajua.

Kule Kiambere, Mbeere, unakoenda kutibu mifugo, hawatakupa miraa. Watakupa maembe, asali, muguka ile ya majani wanayotafuna wao, wengine watakupa kuku mzima amefungwa miguu, kwa sababu umemtibu mbuzi wao. Pokea, shukuru, shuka, nenda nyuma ya gari, weka, funga kwa kamba. Wakikuambia weka tu hapo mbele, utakawia, waambie utakawia. Upande wa dereva chini pakae miguu yako peke yake. Hata viatu vya akiba visikae hapo. Hata chupa ya maji. Nimekuona juzi umeweka chupa pale na sikusema kitu, nilisubiri uingie ndani nikaitupa. Ndiyo hiyo uliyoitafuta.

Ya pili ni hii alama ya shingoni mwangu. Watu wakiuliza nawaambia ni chai. Si chai.

Nilikuwa nimeenda kununua mbuzi upande huo huo wa Mbeere utakaofanyia kazi. Joto la kule si la kwetu. Hapa Nyambene gari linafanya kazi ndani ya ukungu, halijui jua ni nini. Wakati wa kurudi, kupanda kuelekea Embu na mzigo nyuma, sindano ya joto ikapanda ikafika kwenye alama nyekundu. Nikafanya vizuri mpaka hapo, nikaegesha kando ya maduka, nikazima injini, nikafungua boneti. Ilibaki kukaa kivulini kusubiri.

Lakini kulikuwa na wanaume wawili wamekaa kwenye benchi. Mmoja akasema, “Mathee, gari imekushinda? Leta tukuonyeshe kuendesha.” Mwenzake akacheka mpaka akapiga goti. Na mimi, niliyewahi kuwafungia wazee wa boma lote nje ya vioo, nikashindwa kuvumilia vijana wawili wasio na kazi. Nikachukua kitambaa nikafungua kifuniko cha radieta pale pale, ili waone kwamba najua. Maji yalitoka yakichemka. Nashukuru niligeuza uso.

Nimewaza sana juu ya siku ile kuliko hata siku ya mtaro. Watu wananiita mkaidi, na kweli ni mkaidi, na wewe umekunywa ukaidi huo kwa maziwa. Siombi msamaha kwa hilo. Lakini siku ile pale maduka sikuwa mkaidi. Mkaidi wa kweli angekaa chini ya mti, akala ndizi, akawaacha wacheke mpaka mbavu ziwaume. Mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana, na nikaacha watu wawili nisiowajua wakaamua lini nifungue radieta yangu. Mpaka leo hilo linaniudhi.

Kwa hiyo gari likichemka, kaa. Ukiweza kuweka kiganja juu ya kifuniko bila kukiondoa, ndipo ufungue, polepole, na maji uongeze kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Ukikawia mbuzi watakusubiri.

Njia ya kesho tumepita wote mara nyingi. Ukishavuka Meru na Nkubu, unajua kinachokungoja pale Nithi. Ule mteremko usiuchezee. Shika gia ya pili kutoka juu kabisa, injini ikuzuie, mguu uguse breki na kuachia, gusa na kuachia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaweka nyutro pale na kuliachia gari liteleze ili kubana mafuta. Mimi nilikuwa kando yake, namsifu. Tulifika chini tukicheka kama watoto, na wewe umefungwa kifuani mwangu kwa leso. Sikujua breki zinaweza kuchoka kwa joto zikawa kama siagi. Niliyajua baadaye, kwa Mama Zainabu.

Utasikia honi nyuma yako. Ni wale wa miraa wanaokimbilia soko kabla haijanyauka. Nimewabebea mizigo, nawajua, wengine ni vijana wazuri, na wengine tumewazika. Wape njia. Weka taa ya pembeni, sogea, wapite. Atakayekutolea mkono dirishani kukutukana, mwache aende na tusi lake, atalifikisha Nairobi peke yake.

Ukipata makanika Embu, usimwachie gari ukaenda saluni. Simama hapo. Beba kiti chako ukikosa pa kukaa. Kila kinachofunguliwa ukione kikitoka na ukione kikirudi. Atakuambia, “Dada, si uende ukapumzike, nitakupigia.” Mwambie umepumzika tayari. Wakati mmoja niliacha gari likarekebishwe taa, likarudi na taa nzuri sana na tairi la spea la mtu mwingine, lina upara kama kichwa cha babu yako. Nilijua siku tairi lilipotoboka, mvua inanyesha, mtoto wa jirani yuko nyuma anaumwa.

Sasa ya leo, kwa maana utayasikia barabarani kabla hujafika nyumbani.

Ulipotoka tu, Kaberia alikuja, na Mutuma mwanawe nyuma yake. Niliwapa chai. Alikunywa nusu kikombe ndipo akaanza.

“Mama Karimi, nimesikia unapeana gari.”

“Umesikia vizuri.”

“Hiyo gari ni ya boma. Gari ya boma haiendi na msichana. Kesho kutwa ataolewa huko Embu, iende na watu wengine. Wacha Mutuma ampeleke, alafu arudi nayo. Huyo ni mwanaume, ataitumia hapa.”

“Na kazi ya Karimi? Walimwambia bila gari hakuna kazi.”

“Atapanda za abiria kama watu wengine.”

“Kule waliko mbuzi hakuna za abiria, Baba Mutuma.”

Akaweka kikombe chini. “Wewe mama, umekuwa kichwa ngumu tangu ndugu yangu alale.”

Nikamwuliza ile siku mkewe alipopata uchungu na mvua imekata barabara, alimpigia nani. Nikamwuliza Kanana wake mdogo alizaliwa wapi, na ni nani alisimamisha gari akashika taa. Aliangalia mlango. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya pikapu hii amemshika mkewe kichwa, analia kwa sauti. Sijawahi kumwambia mtu hilo la kulia, nimekuambia wewe leo tu kwa sababu ameniudhi.

Ndipo Mutuma akakohoa. “Baba, tusidanganyane. Mimi ni boda najua. Hii ya gia sijawahi shika.”

Nilicheka, Karimi. Sikupaswa kucheka, mzee ameketi kwangu, lakini nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Kaberia akasimama. Akasema kesho asubuhi atakuja kusimama pale geti, na tuone kama huyo msichana atampanda na magurudumu.

Anaweza kuja. Ni mtu wa maneno yake. Ndiyo sababu nimekaa humu nikiandika badala ya kukupikia.

Akija, usikilize kwa makini. Utawasha gari, utafunga mkanda, utaangalia vioo vyote vitatu kama siku zote. Ukifika geti umkute amesimama, utasimama mbali naye. Utavuta breki ya mkono, utatoa gia, mguu utautoa kwa klachi. Usipige honi. Usiungurumishe injini. Usisogeze gari hata kidogo kumtisha, hata kama ananitukana mimi, hata kama anatukana jina la baba yako. Gari halisogezwi kuelekea mtu, kamwe, awe na haki au asiwe nayo. Siku utakayolitumia kumtisha mtu, urudishe ufunguo kwangu, na sitakuomba mara mbili.

Mimi nitakuwa kando yako mpaka geti, hapo nitashuka. Nitaenda kusimama kando yake pale geti. Nitamletea kiti, na uji, na nitakaa naye. Nina muda, na wewe una tanki limejaa. Yeye ana ng’ombe wa kukamua na mgongo unaomsumbua. Nimewahi kumshinda kwa kukaa tu, na wakati ule nilikuwa kijana na sina adabu ya kutosha. Akisogea, utapita polepole, utashusha kioo, utamwambia, “Baba, nimeenda, uniombee.” Na useme kwa moyo wako. Ni ndugu ya baba yako, na uso wake ukizeeka unafanana naye kila mwaka zaidi, jambo ambalo mimi linanitesa kuliko maneno yake.

Nimesikia sauti yako kule chini kwa njia, unacheka na mtu. Nimalize.

Nakuogopea. Niseme tu. Nimejifanya jasiri wiki nzima, nimeongea mambo ya pedi na radieta kama makanika, na kila nikilala naiona ile kona. Hutanisikia nikikwambia usiende. Nenda. Gari hili lilikataa kuwa la mwanaume tu nikiwa na vioo nimepandisha, sasa liondoke vioo vikiwa chini.

Ila kuna jambo moja nakuomba, na ni gumu, kwa sababu umelelewa kunitii. Kesho ukishapita kona ya kwanza nitaanza kukupigia simu. Nitajizuia nitashindwa, najijua. Nitakupigia ukiwa Maua, nitakupigia ukiwa Nkubu, nitakupigia ukiwa katikati ya mteremko wa Nithi, na jina langu litawaka pale kwenye kioo cha simu. Usishike. Hata nikipiga mara nyingi kama kichaa, mikono ikae kwa usukani na macho barabarani, uniache nilie huku na kuku. Kila simu usiyoshika nitajua mtoto wangu anaendesha.

Mama yako.